Walikuja kuposa, wakauliza maradhi yangu

Mdogo wangu ameposwa. Watu wenyewe ni wa Micheweni, familia tunayoijua, na kijana alikuwa akija Wete tangu yuko skuli. Barua ilifika kwa heshima zake, ami yetu akaisoma miwani ikimteleza puani, wazee wakajibizana mafumbo yao, tukala halua. Siku chache baadaye shangazi wa kijana akaomba aje azungumze na mimi. Si mama, si ami. Mimi.

Alinikuta sebuleni mbele ya feni, maana joto la kaskazi lilikuwa limeshika. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza watoto, akasifu mapazia, akazunguka kwenye bei ya karafuu, kisha akatua. "Mwanangu, usinifahamu vibaya. Hayo maradhi yako ni ya ukoo, au yamekuzukia wewe tu?"

Sikuona vibaya. Shangazi zangu mimi walipeleleza ukoo wa mume wangu mpaka wakajua babu yake alikufa na nini. Kifafa, ukoma, wendawazimu, seli mundu, vyote huulizwa kwetu kabla mahari haijatajwa, na kwa kawaida huulizwa jikoni kwa jirani, pembeni ya mwenyewe. Afadhali huyu aliyekuja kwa mgonjwa moja kwa moja. Na suali lake, kwa mtu kama mimi ninayesomesha hesabu sekondari, ni suali hasa: mgonjwa mmoja akiwamo nyumbani, hesabu ya nduguye inabadilika kwa kiasi gani? Siku ile nilimjibu kwa kadiri ya kikombe kimoja cha chai. Hapa najibu kwa urefu, kwa sababu wapo wengi wanaouliza jikoni.

Ninachoumwa kinaitwa maltipo sklerosisi. Madaktari huandika MS, nami nitaandika hivyo hivyo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaugeukia utando wa mafuta uitwao mayelini unaofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Utando ukichubuka, ujumbe unaopita kwenye nyuzi hizo unachelewa au haufiki kabisa. Daktari wa Kifaransa, Jean-Martin Charcot, aliyaeleza maradhi haya kwa ukamilifu mwaka 1868, akiyahusisha na makovu aliyoyaona kwenye ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa waliokufa. Leo wanaoishi nayo duniani wanakaribia milioni 3. Wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume, na wengi huanza kuumwa wakiwa kati ya miaka 20 na 40, umri ule ule wa kuposwa na kuzaa.

Kwangu ilianza jicho la kushoto. Liliuma nikiligeuza, kisha likafifia. Nikifumba la kulia, kanga yangu nyekundu ilikuwa ikionekana imefuliwa mara mia juani. Nikapewa dawa ya matone, jicho likarudi lenyewe baada ya wiki kadhaa, tukasahau. Halafu ikaja ganzi ya miguu, na kitu kimoja ambacho sikujua nikielezee vipi: kila nilipoinamisha kichwa kwenye rukuu, umeme ulikuwa ukinipiga kutoka shingoni hadi nyayoni. Mama akasema pepo. Wifi yangu akasema husda, maana ndiyo kwanza nimehamia nyumba ya matofali. Nikanywa kombe, nikasomewa, na sijutii hata moja katika hayo. Lakini miguu iliendelea kufa ganzi. Nikaenda Unguja, kutoka Unguja nikapanda boti kwenda Dar es Salaam, nikaingizwa kwenye mashine ya MRI, nikachomwa sindano ya uti wa mgongo kuchukua maji yake, na daktari wa mishipa ya fahamu akanionesha madoa meupe kwenye picha ya ubongo wangu. Umeme ule wa rukuu nao una jina, wanauita dalili ya Lhermitte. Nilifurahi kusikia una jina, hata kama jina lenyewe sikuweza kulitamka.

Na joto. Mwili ukipanda hata nusu digrii, uzi uliochubuka unapitisha ujumbe kwa shida zaidi, kwa hiyo saa saba mchana ya mwezi wa Januari jicho langu linafifia tena na mguu unaburura. Nikijimwagia maji ya baridi, hali inarudi. Joto lenyewe haliharibu kitu kipya, lakini mtu asiyejua akikuona asubuhi unatembea vizuri na mchana umeshika ukuta, atasema unajifanya. Naandika haya ili msome maana ya feni.

Sasa ukoo.

Watu wa kwetu wanaposema maradhi ya kurithi, kichwani mwao ipo seli mundu, na ni haki yao, maana seli mundu tunaiona. Pale jeni ni moja tu. Baba anayo nakala moja mbovu, mama anayo moja, wote wawili wazima, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa mtoto mgonjwa. Akipata nakala mbili anaumwa, akipata moja hawi mgonjwa wa seli mundu. Ukipima damu za wachumba kabla ya ndoa unapata jibu la kueleweka, na ningependa kila wachumba wa Pemba wapimwe.

MS haiendi hivyo. Hakuna jeni ambayo ukiwa nayo utaumwa, wala ambayo ukiikosa umesalimika. Mwaka 2016 watafiti wa Canada walitangaza kwamba wamepata badiliko moja la jeni iitwayo NR1H3 linaloleta MS katika familia mbili. Magazeti yakashangilia. Mwaka huo huo watafiti wengine waliokuwa na damu za maelfu ya wagonjwa wakalitafuta badiliko hilo, wakakuta wazima wanalo sawa na wagonjwa. Basi likaishia hapo.

Kinachorithiwa ni vipande vingi vidogo vidogo. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne nimewaeleza kwa michango ya harusi, na ndiyo iliyowaingia. Ami mmoja mwenye duka anatoa mchango mkubwa unaoonekana kwenye daftari. Waliobaki, mia mbili na zaidi, kila mmoja anatoa elfu moja, mia tano, wengine mia mbili. Hakuna hata mmoja anayeweza kufanya harusi peke yake, hata ami. Na hata michango yote ikikamilika, harusi haifanyiki mpaka apatikane bwana harusi, jambo ambalo halimo kwenye daftari kabisa.

Ami mwenye duka ni eneo la HLA kwenye kromosomu ya 6, moja ya vile vifurushi vinavyobeba jeni zetu. Lilijulikana mapema, tangu mwaka 1972, kabla hajazaliwa mtu yeyote anayesoma hapa isipokuwa mama yangu. Jeni za HLA hutengeneza protini zinazokaa juu ya seli na kuzionesha seli za kinga vipande vya kile kilichomo ndani: hiki changu, hiki cha mgeni. Kuna aina nyingi sana za protini hizi, na ndiyo maana figo ya mtu mmoja haimkubali kila mtu. Aina inayohusishwa zaidi na MS inaandikwa HLA-DRB1*15:01. Aliye na nakala moja hatari yake ni kama mara 3 ya asiyekuwa nayo. Ipo pia aina nyengine ya HLA, A*02, ambayo inapunguza hatari.

Mara 3 inatisha ukiisikia peke yake. Wanafunzi wangu hupoteza alama hapo kila mwaka: mara 3 ya nini? Ulaya ya Kaskazini, ambako MS imejaa, nafasi ya mtu wa kawaida kuipata maishani haifiki hata nusu ya 1 kati ya 100. Izidishe kwa 3, bado unabaki karibu na 1 kati ya 100. Takriban robo ya watu wa huko wanatembea na jeni hiyo na hawana habari, wanazeeka nayo na wanazikwa nayo bila ya kuumwa MS hata siku moja. Na wapo wagonjwa wengi ambao hawana.

Jeni ndogo ndogo, wale wachangiaji wa mia mbili mbili, ilibidi zisubiri mashine za kusoma vinasaba vya watu wengi kwa pamoja. Mwaka 2007 zikapatikana mbili za kwanza zilizothibitika nje ya HLA, nazo ni IL7R na IL2RA. Mwaka 2011 orodha ikafika 57. Mwaka 2019 likatoka daftari kubwa kwenye jarida la Science: wagonjwa 47,429 wakalinganishwa na wazima 68,374, yakapatikana maeneo 233. Kati yake 32 yamo kwenye lile eneo la HLA, 200 yametawanyika nje ya eneo hilo, na moja tu limo kwenye kromosomu ya X, ile ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja. Hilo moja lilinishangaza, kwa sababu nilitegemea X ndiyo ingeeleza kwa nini sisi wanawake tunaumwa zaidi. Haikueleza. Karibu zote ni jeni zinazofanya kazi ndani ya seli za kinga, ambazo nyengine zinaishi ndani ya ubongo wenyewe. Kwa jumla, yote 233 yanaeleza karibu nusu ya kile kinachorithiwa. Nusu ya pili bado inatafutwa.

Nimepitia haya kwa sababu wapo waliokuwa wakiniambia MS ni ya kichwani, ya mawazo, ya kusoma sana. Hakuna jeni ya kusoma sana kwenye orodha ile. Orodha yote inazungumza kinga.

Shangazi hakuja kwa ajili ya kromosomu. Alitaka kujua juu ya mdogo wangu. Haya.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa mapacha wanaofanana, kwa sababu vinasaba vyao ni vimoja. Kama MS ingekuwa ya jeni tupu, mmoja akiumwa na mwenzake lazima aumwe. Kweli yake ni kwamba mwenzake huumwa mara 1 kati ya 4 au 5 hivi. Kwa hiyo hata mtu mwenye daftari langu lote, herufi kwa herufi, uwezekano mkubwa hataumwa. Kwa ndugu wa kawaida wa baba mmoja mama mmoja, nafasi ni kama 3 kati ya 100. Kwa mtoto wa mgonjwa ni kama 2 kati ya 100. Ukifika kwa binamu, inashuka chini ya 1. Takwimu hizi zimechukuliwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwenye nchi zenye MS nyingi.

Kuna utafiti mmoja wa Canada wa mwaka 1995 ninaoupenda kwa namna ulivyofikiriwa. Walitaka kujua kama familia zinaumwa pamoja kwa sababu ya damu, au kwa sababu ya kula chungu kimoja na kulala nyumba moja. Wakawatafuta wagonjwa waliolelewa na wazazi wa kupanga, na wagonjwa wenye ndugu wa kulea nyumbani mwao. Ndugu wa kulelewa pamoja, wasiochangia damu, wakakutwa na hatari ile ile ya mtu yeyote wa mtaani. Kumbe chungu hakina neno. Kwa maana hiyo mume hawezi kuambukizwa na mke, na mimi sijamwambukiza mtu sahani wala kikombe, ingawa kuna nyumba moja hapa Wete ambayo bado inanitengea bilauri yangu.

Nikamwambia shangazi: 3 kati ya 100 kwa huko Ulaya, na mdogo wangu miaka yake ya hatari anaipita kila siku akiwa mzima. Akatikisa kichwa, akafikiri. Ndipo nikamuuliza, kwa adabu zote, kama upande wao kuna mwenye sukari. Akacheka. "Mwanangu, nani hana?" Babake kijana ana sukari, bibi yake alikatwa mguu kwa sukari. Basi kwa sukari ya ukubwani, mzazi mmoja akiwa nayo, hatari ya mtoto maishani hutajwa kuwa karibu 40 kati ya 100. Nilimwekea namba mbili juu ya karatasi ya daftari la skuli, 3 na 40, nikamwachia aziangalie. Sukari hatuifanyii uchunguzi kwenye posa kwa sababu iko kila nyumba. Yangu inachunguzwa kwa kuwa hawaijui. Posa haikuvunjika. Sasa hivi wanabishana juu ya kabati.

Kuna jambo halikuulizwa na shangazi lakini limeulizwa na ndugu zangu wenyewe: wazazi wetu ni watoto wa ami. Je, ndiko kulikotoka? Binamu wa kwanza wanachangia sehemu 1 kati ya 8 ya vinasaba vyao, na kwa maradhi yanayohitaji nakala mbili, kama seli mundu, kuoana hivyo kunapandisha hatari ya mtoto. Sipendi tunavyolifunika hilo kwa heshima ya wazee. Lakini ile jeni kubwa ya MS haingoji nakala mbili, moja inatosha kuongeza hatari, na moja unaweza kuipata kwa mzazi yeyote aliyeoa popote. Siwezi kumtwika baba yangu mzigo huu. Amekwisha kujitwika mwenyewe vya kutosha.

Hapa ndipo panaponikera. Daftari la watu 47,429 ni la watu wenye asili ya Ulaya. Namba zangu zote nilizompa shangazi nimeziazima kwao.

Wenzetu hao sasa wanajua hata jeni zao zilikotoka. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwanzoni mwa mwaka 2024 ulisoma vinasaba vya mifupa ya kale, ukaonesha kuwa jeni za hatari ya MS ziliingia Ulaya Kaskazini Magharibi na wafugaji waitwao Wayamnaya, waliohama kutoka nyika za Ukraine na Urusi miaka kama 5,000 iliyopita. Watafiti wanaona kwamba huenda jeni hizo ziliwafaa wafugaji dhidi ya vijidudu vya mifugo, na leo, kwenye maisha mengine, kinga ile kali inawageukia wenyewe.

Na sisi? Mwaka 2023 jarida hilo hilo lilitoa utafiti wa mifupa 80 ya zamani, mingi ya miji ya mwambao, Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa, Manda na Faza. Ukakuta kwamba tangu karibu mwaka 1000 wanaume wa Uajemi walioa wanawake wa Kiafrika wa pwani, na watoto wao ndio wakawa watu wa miji hiyo. Bibi yangu aliyekuwa akituchosha na habari za Washirazi angefurahi sana, ingawa sidhani kama angependa kusikia upande wa kike ulivyosisitizwa. Kwa hiyo ndani yangu mna Afrika nyingi, mna Uajemi, na kwa upande wa babu mna Oman. Ni kipi katika hivyo kilichonipa jeni za hatari? Jibu lake halimo kwenye daftari la Wayamnaya.

Wengine hudhani watu weusi hatuumwi MS. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa California Kusini uliokuta kwamba wanawake weusi wa huko wanapata MS mpya zaidi kuliko wanawake weupe. Na kuna kisa cha mwaka 2004 ambacho kingepaswa kusomeshwa. Kwa wazungu, DRB1*15:01 hutembea karibu siku zote na jirani yake, DQB1*06:02. Ukimkuta mmoja unamkuta na mwenzake, kwa hiyo kwa miaka mingi haikuwezekana kusema mwenye kosa ni nani. Kwa watu wenye asili ya Afrika majirani hao wametengana, kwa sababu vinasaba vya Afrika ni vya kale zaidi na vimechanganywa mara nyingi zaidi. Watafiti wakachukua damu za Wamarekani weusi wenye MS, wakaona wazi kwamba mhusika ni DRB1. Pia wakakuta kwamba aina ya DRB1*15:03, ambayo ni ya Kiafrika, nayo inahusika. Damu ya watu wenye asili yetu ilifungua fundo ambalo damu ya Ulaya isingelifungua, na bado tunahesabiwa nje ya daftari.

Tena kwa watu weusi na Waasia kuna maradhi ya jamaa, yaitwayo NMO, yanayopiga macho na uti wa mgongo na kudhaniwa ni MS. Tangu mwaka 2004 kuna kipimo cha damu cha kuyatambua. Ukiambiwa una MS na macho yote mawili yamepigwa vibaya, ulizia kipimo hicho, kwa sababu baadhi ya dawa za MS huyafanya yale mengine yawe mabaya zaidi.

Nimesema harusi haifanyiki bila ya bwana harusi. Mshukiwa mkubwa ni kirusi cha Epstein-Barr, na historia yake imeanzia jirani zetu: mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kwenye seli za uvimbe wa taya za watoto wa Uganda, uvimbe ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza akiwa Kampala. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walifuatilia damu za zaidi ya wanajeshi milioni 10, na wakaona kwamba aliyeambukizwa kirusi hicho, hatari yake ya MS ilipanda mara 32. Lakini karibu kila mtu mzima duniani anacho. Huku kwetu watoto wanakipata wakiwa wadogo sana, bila hata kuumwa. Ulaya wengi wanachelewa mpaka ujana, na anayekipata ujanani akaumwa nacho homa na matezi, hatari yake ya MS ni kama mara mbili. Nadhani hilo ni sehemu ya sababu ya sisi kuwa wachache, pamoja na jua.

Sigara inaongeza hatari, na kwa mwenye DRB1*15:01 inaongeza zaidi. Unene wa utotoni na ujanani pia. Hayo mawili ndiyo pekee niliyomwambia mdogo wangu ayashike, kwa sababu ndiyo pekee yaliyo mkononi mwake. Jeni hazibadiliki, kirusi keshakipata. Sigara hajavuta. Chipsi, tunazungumza.

Mwaka 2023 likapatikana badiliko jengine lisilohusu kuupata ugonjwa ila kasi yake. Wenye nakala mbili walihitaji fimbo karibu miaka 4 mapema kuliko wasiokuwa nayo. Jeni zilizo karibu yake zinafanya kazi ndani ya mfumo wa fahamu wenyewe, tofauti na zile za kinga. Nilisoma habari hiyo mara moja tu. Nina fimbo ya mpera ya marehemu babu, iko nyuma ya mlango, na kwa sasa inatumika kuangushia maembe.

Binamu yangu aliyeko London amejitolea kumnunulia mdogo wangu kile kipimo cha kutema mate kwenye kichupa, unatuma kwa posta, majibu yanakuja kwenye simu. Anasema itamtuliza shangazi. Nimemkatalia kwa niaba ya bibi harusi. Alama za hatari wanazopiga zimepangwa kwa daftari la Ulaya, na kwa watu wenye asili yetu hazilengi vizuri. Kisha majibu yenyewe hayatibu kitu: hakuna daktari anayetumia kipimo cha jeni kusema una MS au huna, wanatumia dalili, picha ya MRI na maji ya mgongo. Likija hapa Pemba jambo la watafiti wanaotaka damu zetu kwa utaratibu unaoeleweka, wakituambia wanaifanyia nini na majibu yaturudie, mkono wangu nitautoa wa kwanza, na wa baba pia, kama atakubali.

Pesa ya kichupa nimemwambia binamu anunue feni ya kuchaji. Umeme unakatika sana mwezi huu.